Pumzi Kwenye Feni

Feni ilianza kuzunguka kabla fundi hajawasha kompyuta.

Alikuwa ndiyo kwanza ameifunga kwa skrubu nyuma ya kasha, akasukuma plagi yake ndogo yenye matundu matatu kwenye pini nne za bodi kuu, pini moja ikabaki wazi kama kawaida. Waya wa umeme ulikuwa bado umeviringishwa mezani. Hata hivyo mapanga yalizunguka, taratibu, yakitoa upepo wa moto wenye harufu ya kinywa cha mgonjwa.

"Mama, kifua kinabana," alisema bintiye, aliyekuwa mkekani akichora. Alikuwa na miaka saba, na tangu asubuhi hakuwa na tatizo lolote.

Fundi akachomoa plagi. Feni ikasimama. Nyuma yake penseli ikaanguka. Alipogeuka, mtoto alikuwa amekaa vilevile, macho wazi, kifua hakipandi wala hakishuki. Akamtikisa, akamwita, akampulizia hewa mdomoni mpaka yeye mwenyewe akaona kizunguzungu, na midomo ya mtoto ilipoanza kubadilika rangi akajikuta ameirudisha plagi kwenye pini bila kujua kwa nini.

Feni ikazunguka. Mtoto akavuta pumzi.

Dada yake fundi alikuja mbio kutoka chumba cha pili. "Tumpeleke hospitali."

"Nampelekaje, dada? Tazama." Fundi aliinua kasha kidogo tu. Mapanga yakasita, na mtoto akakwama katikati ya pumzi. Akalirudisha chini haraka. "Aliyeileta hii feni alisema ni ya marehemu kaka yake. Sikumuuliza alikufaje."

Dada akatoka kumtafuta mganga.

Jua lilikuwa bado kali mganga alipoingia, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Aliweka kiganja mbele ya feni, akakiondoa upesi.

"Nani wewe?"

Jibu lilitoka ndani ya kasha, limekatwakatwa na mapanga. "Si-na ki-fu-a. Cha kwanza ki-me-o-za."

Dada akashika ukuta. Mganga akamvuta fundi pembeni, akanong'ona, "Pepo hili lilikuwa linahema kwa kifua cha yule marehemu. Sasa linahema kwa mwanao. Nikilifukuza hivihivi, litaondoka na pumzi yake."

"Halafu?"

"Litamwachia likipata kifua kingine. Zaidi ya hapo sijui, mwanangu, nisikudanganye."

Fundi alimtazama bintiye, ambaye sasa alihema kwa mdundo wa feni, kila pumzi fupi kuliko iliyotangulia. Akapiga magoti mbele ya meza.

"Mdogo wangu, usithubutu," alisema dada.

Akaweka mdomo wake kwenye mapanga, karibu mpaka yakamgusa midomo, akavuta ule upepo wote, wa moto, wenye uvundo, akavuta hata mbavu zilipomwambia basi, akavuta huku mkono wake ukipapasa bodi mpaka ukaipata plagi, akaichomoa.

Feni ikasimama.

Mtoto akakohoa, akalia, akaomba maji. Dada akamkumbatia, wakalia pamoja.

Fundi alibaki sakafuni akitabasamu. Alitaka kusema jina la bintiye, lakini sauti haikutoka. Mganga akainama, akaweka sikio kifuani kwake, akasikiliza kwa muda mrefu mvumo wa mapanga uliokuwa humo ndani.

Kisha akanyanyuka, akamwambia dada kwa sauti ya chini, "Mtoe mtoto nje. Usimwache amkumbatie mama yake."