Namba Moja, Maana Tatu

Siku aliyokwenda kumchukulia shangazi yake dawa za presha, mhandisi alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kikao cha kazini, amevaa gauni la kijani kibichi na viatu vya kisigino kirefu. Viatu vile alivijutia. Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imetoka nje ya ukumbi wa hospitali, watoto wanalia, wazee wanakohoa, na feni ya darini inazungusha joto lilelile.

Alipofika mbele, alimkuta mfamasia kijana, mrefu, mikono ya koti lake jeupe ameikunja mpaka kwenye viwiko. Kijana aliingiza namba ya kadi ya bima kwenye kompyuta, akangoja, akaingiza tena. Mwisho akaigeuza skrini ili naye ajionee. Ilikuwa imeandikwa: "Hitilafu imetokea. Jaribu tena baadaye."

"Sasa hiyo maana yake nini?" mhandisi akauliza.

"Dada yangu, hilo waulize walioitengeneza. Huenda kadi imekwisha muda. Huenda dawa haipo ghalani. Huenda mtandao umelala. Mashine hii inajua sentensi moja tu, kama kasuku aliyefundishwa na mvivu."

Watu wa nyuma wakacheka. Mhandisi hakucheka. Angeweza kunyamaza akachukua njia yake, lakini uongo ulikuwa haumkai vizuri mdomoni.

"Mvivu mwenyewe ndiye mimi," akasema.

Mfamasia akamtazama, kwanza kwa hasira, kisha kwa mshangao, halafu uso wake wote ukafunguka kwa kicheko. Alimwomba asubiri kando. Foleni ilipopungua alijaribu tena, kadi ikakubali, kumbe ulikuwa mtandao tu. Alimkabidhi dawa, akaomba na namba yake ya simu, akidai kwamba anataka awe na mtu wa kumgombeza siku mashine ikigoma. Jioni alipiga kuuliza kama shangazi amemeza dawa zake sawasawa. Kesho yake alipiga bila kuwa na la kuuliza.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Mhandisi akamwita Bwana Dawa, na Bwana Dawa akamwita Mhandisi Wangu, kwa sauti iliyoifanya simu ipate joto sikioni.

"Unanipigia tena saa za kazi," mhandisi alimwambia.

"Nina mgonjwa."

"Nani?"

"Mimi. Moyo unanienda mbio tangu asubuhi."

"Kunywa maji upumzike."

"Nimeshakunywa. Nadhani hali hii inamhitaji mtaalamu."

Jumamosi walikutana kwenye mgahawa unaotazamana na hospitali, wakaagiza chai ikawapoea mbele yao kwa maneno. Lakini kila walipoanza na mapenzi, waliishia kwenye mashine. Bwana Dawa alikuwa amechoka nayo, na mhandisi alikuwa amechoka zaidi, kwa sababu aliijua kwa ndani. Akamweleza. Timu tatu zilijenga mfumo ule: ya usajili, ya bima na ya ghala. Kila timu ilijipangia namba zake za hitilafu bila kuuliza jirani. Namba kumi na mbili kwa watu wa usajili ilikuwa mgonjwa hajulikani. Kwa watu wa bima, mtandao umekatika. Kwa watu wa ghala, dawa imekwisha. Dirisha la dawa lilipokea kumi na mbili lisijue ni ya nani, kwa hiyo zote zikafunikwa kwa sentensi moja.

Alikuwa ameomba mara nyingi watu wakae, wapatane namba moja iwe na maana moja kila mahali. Mkuu wa mradi, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Kesho, hakuwahi kukataa. Alisema ni wazo zuri, wataliangalia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwake lilikuwa limeshaanza kuuma.

"Tangu tulipowasha mfumo tunajua ni mbovu hapo," alisema. "Haya lakini ni ya hapa mezani."

"Yameishia hapa," Bwana Dawa akajibu.

Hayakuishia. Wiki chache baadaye, Bwana Kesho alimwita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa ametoka kwenye kikao na uongozi wa hospitali. Mfamasia mmoja, alisema, alisimama mbele ya wakubwa wote akatamka kwamba kampuni inajua mfumo ni mbovu, kwa sababu mhandisi wao amemwambia kwa mdomo wake. Bwana Kesho hakueleza kikao kilihusu nini. Alisema tu kwamba siri za kazi hazipelekwi kwa wapenzi, na kwamba kuanzia siku hiyo hatagusa mradi ule mpaka waamue la kumfanya.

Mhandisi alirudi kwenye kiti chake, wenzake wakainamisha macho kwenye skrini zao. Aliona aibu, halafu aibu ikageuka hasira. Kumbe chai zote zile, kumbe "Mhandisi Wangu" yote ile, alikuwa anachotwa maneno kama maji kisimani. Bwana Dawa alipopiga, alipokea mara moja tu.

"Ulinipenda ili upate cha kusema kikaoni," alimwambia. "Umekipata. Usinipigie tena."

Akaifungia namba yake. Upande wa pili, Bwana Dawa alibaki ameshika simu, hajui kwamba mwenzake ameondolewa kwenye mradi. Alichoelewa ni kwamba mhandisi amechagua kampuni, baada ya yote yaliyotokea pale hospitalini. Naye akaufunga moyo wake.

Siku zikaenda vibaya. Kazini mhandisi alipewa kupanga upya picha za tovuti, kazi isiyo na kichwa wala miguu. Alikuwa akifika, anakaa, anaondoka. Nyumbani shangazi, aliyemlea tangu udogoni, alimtazama kila usiku akila nusu sahani.

Mwisho wa mwezi shangazi alikwenda mwenyewe kuchukua dawa. Aliporudi, aliketi kabla hata ya kuvua viatu.

"Yule kijana wako amekonda," alisema.

"Si wangu, shangazi."

"Wa nani basi, wangu?"

Ndipo akamsimulia aliyoyasikia dirishani, kwa utaratibu wake wa kutoruka kitu. Ijumaa moja, siku ambayo Bwana Dawa hakuwa zamuni, mwalimu mmoja mstaafu alifika dirishani kuchukua dawa za presha. Mashine ikasema hitilafu imetokea. Dada wa zamu alidhani kadi imekwisha muda, akamshauri aende kwanza ofisi ya bima. Ofisi ilikuwa imefungwa, na Jumamosi na Jumapili haifunguliwi. Jumatatu mwalimu aliletwa kwa machela, kiharusi kimemshika upande wa kushoto. Kadi yake ilikuwa nzima siku zote. Mtandao ndio uliokuwa umekatika. Kwenye kikao, wakubwa walitaka kumfukuza yule dada wa zamu. Hapo ndipo Bwana Dawa aliposimama.

Hasira ya mhandisi ikawa haijui pa kutua.

Kesho yake, saa ya kuwaona wagonjwa, alikwenda wodini. Bwana Dawa alikuwepo, amekaa pembeni ya kitanda katika mapumziko yake ya mchana, anamshikia mwalimu kikombe. Walitazamana bila salamu. Mhandisi alimwamkia mwalimu shikamoo, kisha akamwambia yeye ni nani, na kwamba ile mashine ya dirishani ni kazi ya mikono yake pamoja na wenzake.

Maneno yalimtoka mwalimu polepole, upande mmoja wa mdomo.

"Mimi nilidhani kosa ni langu, mwanangu. Nilidhani nimesahau jambo kwenye kadi, uzee huu. Nikaona haya hata kuuliza mara ya pili."

Mhandisi alishika ule mkono wa kushoto uliolala juu ya shuka, akaomba msamaha. Kisha akatoka kwenda koridoni. Bwana Dawa akamfuata.

"Kwa nini hukuniambia?" mhandisi akauliza.

"Nilipiga mpaka nikachoka. Ulinifungia."

"Ulinitaja. Nilikuambia ni ya pale mezani, ukanitaja."

"Nilikutaja. Waliona njia rahisi ni kumtupa mtu asiye na hatia, nikatoa nilichokuwa nacho mkononi, na kilikuwa si changu. Nilipaswa kukuomba ruhusa kwanza. Hilo ni kosa na silipambi. Lakini kuambiwa nilikupenda ili nipate maneno, hilo limenikata."

"Walinitoa kwenye mradi siku hiyohiyo," alisema mhandisi. "Sikujua kuhusu mwalimu. Sikuambiwa neno."

Bwana Dawa alifumba macho. Wote wawili walikuwa wameumizwa na watu walewale, kisha wakamalizia kazi wenyewe. Walisimama pale wauguzi wakiwapita na matoroli, hakuna aliyeinua mguu kuondoka.

Mhandisi hakumwomba Bwana Kesho ruhusa ya kurudi kwenye mradi. Alimwambia kwamba mwalimu ana watoto, na watoto watauliza, na yeye akiulizwa hatadanganya. Bwana Kesho aliugeuza ulimi wake haraka. Akasema kikao kiitishwe. Timu zote tatu zikakaa chumba kimoja, na mhandisi akamleta Bwana Dawa pamoja na yule dada wa zamu.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Watu wa bima hawakutaka kuiacha kumi na mbili yao, wa ghala walisema kubadilisha kutavunja programu zao, wa usajili wakaanza kubishana kuhusu idadi ya tarakimu. Mhandisi alitamani kupindua meza. Siku ya pili ya mabishano, dada wa zamu, aliyekuwa hajafungua mdomo, alisema yeye namba haimhusu. Anachotaka kujua ni amwambie nini mtu aliyesimama mbele yake. Chumba kikatulia. Kuanzia hapo walikubaliana kwamba kila hitilafu iwe na namba yake peke yake, moja kwa timu zote, na chini yake maneno ya wazi: kimetokea nini, na wa dirishani afanye nini.

Mtandao ulikatika tena mchana mmoja, wiki ya kwanza ya mpango mpya. Bwana Dawa akampigia.

"Nisomee," mhandisi akasema.

"'Mtandao wa bima umekatika. Tatizo si la kadi ya mgonjwa. Mpe dawa, andika kwa mkono.' Foleni inakwenda."

Mhandisi alitarajia kufurahi. Badala yake machozi yalimtoka hadharani, mbele ya ofisi nzima.

Jioni walikutana mgahawani. Bwana Dawa alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nywele amezikata. Mhandisi alikuwa na kandambili na macho yaliyovimba.

"Sentensi tatu fupi," alisema. "Zingeandikwa mchana mmoja, mwaka uliopita. Na mkono wa mwalimu bado haunyanyuki."

"Najua. Nimetoka kwake."

Hakumbembeleza kwa maneno ya kufuta. Alimwachia hasira yake, kwa kuwa ilikuwa na haki ya kukaa pale. Kisha akamwambia kwamba amelifikiria neno hili siku nyingi, na kwamba anataka wawe wanarudi nyumba moja, siku nzuri na siku kama hii.

"Unanioa nikiwa hivi?" mhandisi akauliza. "Mimi sina moyo wa sherehe."

"Sijakuomba sherehe. Nimekuomba wewe."

Mhandisi alitazama nje, watu wakitoka hospitalini na vifurushi vyao vya dawa. Akapangusa pua kwa kiganja, bila madaha.

"Basi nenda kwa shangazi," alisema. "Ila uende umeshiba. Maswali yake hayaishi upesi."