Mtamba wa Mkufunzi Pantaleo

— Mtamba mweupe kwenye zizi la baba yako ni wa nani, Limi?

Makoye hakusalimia hata. Ametoka moja kwa moja kwenye kinu cha pamba anakofanya kazi, nyusi zimejaa nyuzi, baiskeli kaibwaga mbele ya ofisi za chuo cha ualimu. Ilikuwa Agosti 1978, na vumbi la Shinyanga mwezi huo halina adabu.

— Mtamba gani? Sijafika nyumbani tangu mwezi wa sita.

— Usinichezee akili! Majirani wanasema kamleta mdogo wake Pantaleo, mkufunzi wako. Kumbe unaposwa huku na huku!

Jambo ambalo Limi alimficha mchumba wake wiki tatu kwa aibu, sasa likamtoka lote.

— Pantaleo amezuia maksi zangu za mazoezi ya kufundisha. Aliniita kwake nikazichukue. Nilipoingia akafunga mlango, akanivuta. Nilipiga kelele, nikatokea dirishani! Nimeandika malalamiko na kutia sahihi. Kamati ya nidhamu inakaa leo saa nane. Nikishindwa, nafukuzwa kwa kumsingizia.

Makoye alimkazia macho. Kisha akaokota baiskeli, akaondoka. Limi alilia kwa kwikwi, maana chuo kilikuwa kinamponyoka na mchumba naye ndiyo huyo anakwenda.

Saa nane kamili, Mama Ghati, mkuu wa chuo, akafungua kikao.

— Kila mmoja ataeleza bila kukatizwa. Malalamiko ya Limi tumekwisha kuyasoma. Haya, Bwana Pantaleo.

Pantaleo alijiweka sawa ndani ya suti yake ya Kaunda. Mwanamume yule alikuwa na uso mkavu, sijapata kuona!

— Mwenyekiti, huyu ni mchumba wangu. Tumegombana tu, kama wapendanao wanavyogombana. Mtamba wa mahari yuko kwa baba yake. Tumeni mtu akaangalie.

— Mwongo! — Limi alipayuka.

— Tulia, mwanangu. Una shahidi?

— Sina, mama.

Hapo ikasikika hodi. Aliingia Mzee Jilala, baba yake Limi, kajaa vumbi mpaka kope. Nyuma yake alikuwa Makoye, anahema, shati limemganda mgongoni. Kumbe alikwenda kumfuata mzee, akampakia kwenye baiskeli.

— Shikamoo, mzee, — alisema Mama Ghati. — Ulipokea mtamba kutoka kwa mwalimu huyu?

— Marahaba. Nilipokea.

Pantaleo akatabasamu.

— Wa nini? — Mama Ghati aliuliza.

— Wa faini. Mdogo wake alisema mbele ya majirani zangu wawili: kaka amemshika binti yako kwa nguvu, amekosa, pokea, yaishe. Kwetu mtu akikosa hulipa. Nikadhani yamekwisha.

— Yeye anasema ni mahari.

— Mahari? Ya Limi nilishapokea ng'ombe kumi na wawili kwa akina Makoye! Nipokee tena kwa mwingine, mimi tapeli?

Tabasamu la Pantaleo likayeyuka.

— Halipi faini asiye na kosa, Bwana Pantaleo, — Mama Ghati alisema taratibu. — Ila mambo ya chuo hiki hayamalizwi zizini. Mzee, mtamba arudi alikotoka.

Saa kumi uamuzi ukasomwa. Pantaleo amesimamishwa kazi, faili lake linakwenda wizarani, na maksi za Limi zitatolewa na mkufunzi mwingine. Limi alishusha pumzi ndefu. Wiki tatu nzima hakupata kupumua hivyo.

Nje, Mzee Jilala alimshika kichwa bintiye.

— Ng'wanone, mwanangu, nisamehe. Ningekuuliza wewe kwanza.

Akasogea pembeni, akajifanya anakagua matairi ya baiskeli. Makoye akabaki anachezea kofia yake.

— Limi, nimekosa. Nitoze faini.

— Sitaki ng'ombe.

— Unataka nini?

— Baba hakuniuliza. Wewe umekuja kunihukumu bila kuniuliza. Waliokaa wakaniuliza ni kamati tu, watu baki!

— Kweli kabisa. Sasa nitakuwa nakuuliza.

— Basi anza.

— Nikuulize nini?

— Kama bado nakutaka.

Fundi mzima wa kinu, sauti ilimtetemeka.

— Limi... bado unanitaka?

Alimwacha asubiri kidogo, maana alistahili. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa saba.

— Nakutaka, Makoye. Nakutaka sana.