Tiki Kumi kwenye Daftari la Baba

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Kibodi alifungua mlango wa studio ya picha, akafagia, akapangusa stuli ya wateja, kisha akafunua kitambaa kilichofunika kompyuta ya marehemu baba yake. Hakuna mteja aliyekuwa akija. Baba alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, na tangu hapo studio haikupiga wala kuchapa hata picha moja. Lakini mama alisema chumba kisipofagiliwa kitageuka stoo, naye hakutaka studio ya mumewe igeuke stoo.

Kibodi halikuwa jina lake la shuleni. Baba ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu tangu akiwa na miaka miwili alikuwa akimpanda mapajani na kugonga vitufe ovyo. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina lilikuwa limemganda.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kongwe kuliko yeye. Skrini ilikuwa na mgongo mnene, na sanduku lake lilinguruma kama jokofu bovu. Ndani yake zilikaa picha za wateja za miaka kumi na sita. Ilikuwa nzima kabisa mpaka kijana mmoja wa mtaani alipojitolea kuiwekea mfumo mpya wa kuiendesha, eti iende na wakati. Picha hakuzigusa, lakini kompyuta haikwenda na wakati wala haikwenda popote. Kufungua picha moja kulichukua muda wa kumenya viazi vya watu wanne, na printa ya picha, ile ya zamani iliyowalisha miaka yote, ilikataa katakata kuelewana na mfumo huo.

Ndipo mama akamwita kaka yake, ambaye alikuwa fundi wa kompyuta chuoni. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Aliitazama ile mashine kwa muda, akatikisa kichwa.

"Mmemvisha mzee viatu vya mtoto, halafu mnashangaa hatembei," alisema. "Tutamrudishia mfumo wake wa zamani. Sidii ya mfumo huo marehemu aliiweka wapi?"

Sidii ilikuwa ndani ya bahasha, na juu ya bahasha baba alikuwa ameandika kwa mkono wake namba zote za kuufungulia mfumo. Mama aliishika ile bahasha kwa muda kabla ya kuitoa.

"Sasa nisikilizeni," mjomba aliendelea. "Kurudisha mfumo wa zamani kunafuta kila kilichomo. Nitakuja Jumamosi saa nne. Kibodi, Ijumaa utanakili picha zote kwenye diski hii ya nje. Utaratibu wa baba yako unaujua."

Aliujua. Katika studio ile picha haikuhesabiwa kuwa imehama mpaka ifunguliwe kwenye mashine nyingine. Baba akishanakili, alivuka barabara na diski yake mpaka duka la vifaa vya ofisi, akaomba kompyuta ya pale, akafungua picha kumi, moja baada ya moja. Kila iliyofunguka aliandika namba yake katika daftari lenye jalada jekundu na kuiwekea tiki. Mwenye duka alimtania, "Leo tena umekuja kuhesabu vifaranga?" Baba alicheka naye, kisha akaendelea kuweka tiki zake.

Safari hii kulikuwa na mtu aliyekuwa akingoja. Fundi viatu wa kona ya pili alikuwa na binti mmoja tu, nesi, aliyefariki siku aliyojifungua. Mtoto aliyemwacha alikuwa na miaka minne sasa, analelewa na babu yake, na alikuwa ameanza kuuliza mama yake alikuwaje. Picha ya pekee ya yule binti ilipigwa katika studio hii. Nakala ya karatasi iliozeshwa na maji nyumba yao ilipofurika.

"Amevaa sare yake mpya, anacheka mpaka fizi zinaonekana," mzee alimwambia mama. "Nitafutie, dada yangu. Sina nyingine."

"Njoo Jumamosi," mama alimjibu. "Utaondoka nayo mkononi."

Ijumaa, Kibodi alitoka shule mbio. Uwanjani wenzake walikuwa wakimngojea kwa mazoezi ya netiboli. Aliwasha kompyuta, akachomeka diski ya nje. Kwenye skrini palikuwa na alama ya folda iliyoandikwa PICHA ZA WATEJA, na pembeni mwake kishale kidogo ambacho hakukitilia maanani. Aliiburuta ile alama hadi kwenye diski. Ikanakilika kabla hajapepesa macho.

Alishtuka kidogo. Picha za miaka kumi na sita, kwa kufumba na kufumbua, katika mashine inayosota kufungua picha moja? Jambo hilo lilimkaa vibaya rohoni. Alitazama duka la ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na foleni ya watu wanaotoa nakala, na yeye filimbi ya mazoezi alikuwa akiisikia. Akafungua daftari jekundu, akaandika namba kumi alizozikumbuka, akaziwekea tiki kumi chini ya tiki za baba. Jioni mama alipomuuliza kama amemaliza, alijibu, "Nimemaliza, mama," akainamia sahani yake.

Jumamosi saa nne mjomba alifika na laptopu yake na kikebe cha bisibisi.

"Umenakili?"

"Ndiyo, mjomba."

"Umefungua kumi kwenye mashine nyingine?"

Kibodi alimsogezea daftari. Mjomba alipitisha kidole kwenye zile tiki, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Mtoto wa baba yake kweli," alisema. Maneno yale yalimchoma Kibodi, lakini alifyata ulimi.

Sidii iliingia. Skrini ikawa ya bluu yenye maandishi meupe. Mjomba alimweleza kila hatua. Kwanza mashine iliuliza ni diski ipi ya kufutwa, ikauliza tena kama kweli wana uhakika. "Hapa ndipo watu hulia," alisema, kidole chake kikiwa juu ya kitufe. "Una hakika?"

"Nina hakika," Kibodi alisema.

Kitufe kikabonyezwa. Muda mfupi baadaye mstari wa njano ulianza kujaa polepole chini ya skrini: asilimia tano, asilimia nane. Mjomba alitoka nje kunyoosha mgongo na kuzungumza na mama.

Kibodi alipobaki peke yake, lile lililomkaa rohoni likamzidi nguvu. Alichomeka diski ya nje kwenye laptopu ya mjomba. Ndani hapakuwa na folda. Palikuwa na kitu kimoja tu, chepesi kuliko barua ya mistari miwili, chenye kile kishale pembeni. Alikibofya. Laptopu ikaandika kwamba kinachotafutwa hakipo.

Hapo ndipo alipoelewa. Hakuwa amenakili picha. Alikuwa amenakili kibao tu cha kuonyesha zilipo, na pale kibao kilipoelekeza, mashine ilikuwa ikifuta. Alitazama skrini. Asilimia ishirini na moja.

Mlango ulikuwa wazi, na mjomba alikuwa hatua sita tu kutoka pale. Kibodi aliinuka, akaketi tena. Alijiambia kwamba madhali zimekwisha kufutwa, kusema sasa au baadaye ni yale yale. Alichomoa diski, akairudisha mahali pake. Thelathini. Mjomba aliingia, akatazama, akatoka tena. Arobaini na nne. Mama alileta chai, na Kibodi akashindwa kuinywa. Alitamani umeme ukatike, au yeye mwenyewe augue ghafla, chochote kile kisichomlazimu kusema. Hamsini na tisa. Sabini.

Fundi viatu alifika mapema. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na amemshika mjukuu wake mkono. Mama na mjomba waliingia, mzee akabaki mlangoni, na mtoto akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akaweka kiganja juu ya sanduku lililokuwa likinguruma.

"Mama yangu yumo humu?" alimuuliza Kibodi.

Kibodi aliangua kilio. "Sikuzinakili," alisema. "Mjomba, sikuzifungua kule dukani. Nilidanganya. Diski haina kitu."

Mjomba alivuka chumba na kuchomoa waya wa umeme ukutani. Mngurumo ukakatika. Mstari wa njano ulikuwa umefika sabini na nane.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ishirini na moja."

Mama alikaa kwenye stuli ya wateja. Fundi viatu alisimama pale pale mlangoni, na kofia yake mkononi, akimtazama mmoja baada ya mwingine.

"Sikiliza nikueleze, na mzee pia asikie," mjomba alisema kwa sauti ya chini. "Mashine ikifuta haraka namna ile, inachana orodha tu ya yaliyomo kitabuni. Kurasa zenyewe bado zipo, na ninacho chombo cha kuzisoma. Lakini baada ya hapo ilianza kuandika mambo mapya juu ya kurasa hizo. Kila asilimia uliyoitazama ukiwa kimya, kuna picha za watu zilizofunikwa."

Alifungua sanduku, akaitoa diski ya ndani, akaifunga kwenye kitambaa na kwenda nayo chuoni. Kwa siku tatu mama hakumpiga wala kumfokea. Alimpa chakula chake na kumwambia akalale, na Kibodi aliona heri angefokewa.

Jumanne alasiri mjomba alirudi. Alifunga sandukuni diski nyingine iliyotumika, na juu yake akaweka ule mfumo wa zamani kwa namba za kwenye bahasha. Kompyuta iliwaka upesi, na printa ikakohoa mara mbili, ikaamka. Picha elfu tatu na mia sita zilikuwa zimeokolewa. Mia saba na kitu zilikuwa zimekwenda, na baadhi zilirudi nusu nusu. Ya yule nesi ilikuwa miongoni mwa hizo za nusu.

Walimtazama kwenye skrini. Kofia nyeupe, paji la uso, macho mawili yaliyojaa kicheko, pua. Chini ya pua picha yote ilikuwa kijivu kitupu.

"Ningesema pale pale," Kibodi aliuliza, "mdomo ungekuwepo?"

"Sijui," mjomba alisema. "Na wewe hutajua maisha yako yote. Kosa la kunakili kibao badala ya picha hata mimi niliwahi kulifanya. Kosa hilo lilikuwa na dawa. Tiki kumi ndizo zilizotufanya tubonyeze kitufe, na kimya chako ndicho kilichokula picha. Mtu akikosea akasema, anawapa wenzake nafasi ya kumsaidia. Akinyamaza, anawanyima wote."

Mama alimletea daftari jekundu na kalamu. Kibodi alizikata zile tiki kumi, moja moja, na pembeni akaandika: Hizi ni za uongo, niliziweka mimi. Kisha mama akamkabidhi picha iliyochapwa, ndani ya bahasha. "Utaipeleka mwenyewe," alisema. "Na utasema mwenyewe."

Fundi viatu alikuwa akishona soli. Kibodi alisimama mbele yake, akamweleza yote tangu mazoezi ya netiboli hadi asilimia sabini na nane, bila kujitetea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua bahasha, akaitoa picha, akaisogeza kwenye mwanga.

"Macho ni yake," alisema hatimaye. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Nimekasirika, mwanangu, sitakuficha. Labda nitakasirika kwa siku nyingi. Lakini umekuja mwenyewe na umeniambia ukweli, hilo nimeliona. Siku nyingine usingoje mpaka mtoto mdogo akuulize."

"Shikamoo, babu," Kibodi alisema kwa sauti ya kukwama, maana hata salamu alikuwa ameisahau.

"Marahaba."

Mjukuu alikuwa amepanda kwenye benchi, ameegemea bega la babu yake. Aliyagusa yale macho kwa kidole, kisha akakiteremsha kidole mpaka kwenye ile sehemu ya kijivu.

"Na hapa?" aliuliza.

"Hapo alikuwa anacheka," mzee alisema. "Kaa nikusimulie."