Mstari wa Tatu

Fundi wa mabango ya taa ya barabarani alikuwa na sheria moja: mistari miwili, maneno sita, basi. Dereva aliye mbioni ana sekunde nne tu za kusoma. Ukimzidishia, macho yanabaki kwenye bango na gari linajiendea lenyewe. Bosi yeye alitaka salamu, nasaha na shukrani, zote bango moja. Fundi alimkatalia mpaka koo likamkauka. Kumpigia mbuzi gitaa!

Jumatatu, bango la kwenye kona likaota mstari wa tatu ambao hakuna aliyeuandika. Vijiherufi vidogo vidogo, hata kwenye kamera ya barabarani havisomeki. Akaufuta, ukarudi. Akaufuta tena, wembe ni ule ule, na chumba cha mitambo kikanuka udongo mbichi wa kaburi.

Kufikia Alhamisi magari matatu yalikuwa yametumbukia korongoni. Walionusurika walisema neno moja: "Nilikuwa namalizia kusoma."

"Bosi, lile bango lina jini. Tulizime," fundi alinong'ona.

"Jini gani anayejua kuandika?" Bosi akacheka. "Wewe umezoea kulalamika tu."

Hasira zilimkaba fundi. Mkewe alisambaza mikate kwa gari na kila asubuhi alipita kona ile! Ijumaa saa nne asubuhi akabeba ngazi, akapanda mwenyewe, akang'oa waya wa umeme. Bango likawa jeusi ti. Lakini ndani yake kitu kikaanza kukwaruza, taratibu, kama kucha.

Akampigia mkewe akiwa palepale juu ya ngazi. "Mama watoto, uko wapi?"

"Nashusha mikate dukani. Kona yako nimeshaipita."

"Afadhali! Lile bango usilisome."

"Ala! Kwani si wewe uliyeandika? Limenitaja, mume wangu. 'Mke wa fundi,' halafu sikuwahi kumaliza. Ngoja nageuza, nikalisome vizuri."

"Usije! Nimelizima!"

Simu ilikuwa imeshakatika. Akapiga, akapiga tena, haipokelewi, na gari jeupe la mikate likatokea kule mbali, na chini ya kiganja chake taa zikawaka moja baada ya nyingine bila waya, naye akajibandika mwili mzima juu ya mstari wa tatu auzibe, akilia, "Tazama mbele, mke wangu, tazama mbele!", na joto likamwingia kifuani, likampenya, likamtokea mgongoni kwenye shati, herufi baada ya herufi.

Akageuza shingo. Mkewe alikuwa ameinua uso, midomo inachezacheza, anasoma.