Msiri wa Nani?

Sirad alimgonga Jelle katikati ya soko la mbuzi la Garissa, na maziwa ya ngamia yakamlowesha kijana wa watu kanzu nzima. Sirad akangoja matusi. Jelle akaitazama kanzu, akaitazama guntino ya rangi ya machungwa aliyojifunga Sirad, akatabasamu na kwenda zake.

"Huna ulimi?" Sirad akamwita.

"Ninao."

Kesho yake akaja kununua maziwa, na kesho kutwa vilevile. Alikuwa fundi cherehani. Sirad akazoea kuongea kwa niaba ya wote wawili.

Ndipo alipofika Arbia kutoka Buna, mrefu, shungi jeusi, macho ya wanja. Kila alasiri aliketi kando ya cherehani wakinong'ona. Jelle, kunong'ona! Yule ambaye Sirad alimtoa neno moja kwa jasho!

"Yule nani?"

"Mtu wa nyumbani."

"Mnasema nini?"

"Ya nyumbani."

Usingizi ukamhama Sirad.

Mwaka huo wa 1966 askari waliokuwa wakiwasaka mashifta, waasi wa porini, walikagua vipande vya utambulisho sokoni. Sajenti mmoja alimuuliza Jelle maswali matatu, akajibiwa kwa kichwa tu.

"Mbona huyu hasemi?"

Sirad, aliyejifunza Kiswahili kwa kuwauzia askari maziwa, alikuwa ametoka kumwona Arbia akiondoka. Akaropoka: "Huyo msiri, afande. Hata mimi haniambii."

"Msiri wa nani? Wa mashifta?"

Jelle akatupwa ndani ya lori.

Arbia alikuja mbio akilia. "Umefanya nini, abayo, dada yangu? Marehemu mume wangu alikuwa kaka yake. Wazee wanataka Jelle anirithi. Mimi sitaki, naye anakutaka wewe. Tulikuwa tunatafuta namna ya kuwaambia bila kuwavunjia heshima!"

Sirad hakungoja kiatu. Alifika kituoni anahema, akasimama mbele ya meza ya inspekta.

"Afande, nilikosea neno. Nilitaka kusema mkimya. Maneno yake yanakaa ndani, basi."

"Msiri hutunza siri ya mtu," inspekta akasema. "Mkimya hana kosa. Kwa nini ulichanganya?"

Askari kumi walikuwa wakisikiliza, nusu yao wateja wake.

"Wivu, afande. Nilidhani ana mwanamke mwingine. Wallahi, nampenda."

Wakacheka mpaka akatamani ardhi impasukie. Hata hivyo Jelle alilala ndani siku mbili zaidi. Alipotoka, mdomo ulikuwa umevimba.

"Nisamehe," Sirad akasema. "Jelle, nitukane basi!"

"Nilisikia," akasema Jelle. "Seli iko nyuma ya meza ile."

"Ulisikia nini?"

"Yote. Tena walicheka sana."

Sirad akafunika uso kwa shungi. Jelle alikuwa tayari ameshika njia, lakini si ya sokoni.

Babake Sirad alimkaribisha mkekani, akampa chai, akamwuliza habari za mvua, za mifugo, za mdomo wake. Jelle akaitikia kwa kichwa. Chai ikaisha, ikaletwa nyingine.

"Kijana," mzee akasema mwishowe, "kwangu umefuata nini?"

"Sirad."

Nyuma ya pazia Sirad alimsikia babake akiangua kicheko.