Chupa Ndani ya Soksi

Nyaruai alikuwa amefika kwapani mwa sweta ya shule, akivuta kigari cha mashine ya kufuma kushoto na kulia. Hiram, mchumba wake, alisimama mbele yake kama mkaguzi.

Ilikuwa asubuhi, mwaka wa 1995, kwenye veranda ya duka la Premlata, mjini Kitale. Hiram alikuwa ametoka Bungoma kwa mama yake. Harusi yao ilibaki wiki tatu.

— Mama asikuone ukimeza dawa, alisema. Hizo tembe ziache mpaka tupate mtoto.

— Daktari alisema nisiziache ghafla.

— Ati moyo unakimbia. Unakimbia kwenda wapi, bana?

Nyaruai hakucheka. Alihesabu mishono, kisha akamweleza tena polepole, kama alivyoelezwa yeye.

— Njia ni tatu. Moyo ukianza mbio, nijikaze tumbo ama nizamishe uso kwa maji baridi. Ya pili ni dawa kila siku. Ya tatu ni waya unaopitishwa kwa mshipa wa paja mpaka moyoni, wachome pale penye shida. Hiyo iko ng'ambo.

— Ng'ambo! Wewe hata Nairobi hujafika.

— Ndiyo maana nameza dawa. Na hata hizo zilipotea kwenu, siku ile ya kutambulishwa. Siku ya nne nikaanguka kwa foleni ya posta.

— Si wewe husahau vitu ovyo.

Premlata aliita kutoka ndani:

— Nyaruai, simu! Rahab wa Bungoma.

Rahab alikuwa dada mdogo wa Hiram. Aliongea haraka.

— Wifi, nilikuwa nafua nguo za Hiram. Ile chupa yako ya dawa iko kwa sanduku lake. Ameificha ndani ya soksi. Nimefikiria kunyamaza, lakini wewe ulianguka.

— Asante, Rahab. Iweke vizuri.

Nyaruai alirudi kwenye mashine. Hakukaa.

— Hiram, ile soksi ni ya rangi gani?

— Soksi gani?

— Ile umevalisha dawa yangu.

Hiram alilegeza tai.

— Nilifanya hivyo kwa sababu nakupenda! Shangazi zangu wangeanza maswali. Nilitaka waone msichana mzima.

— Ulinisaidia kuitafuta. Uliinama chini ya kitanda na tochi. Ulisema, "Pole, mpenzi."

— Sasa ungetaka niseme nini?

Hapo moyo ukaanza mbio. Nyaruai alishika ukingo wa meza, midomo ikamkauka. Hiram aliangalia barabarani.

— Simama vizuri. Watu wanaona.

Premlata alikuwa tayari anakuja na beseni la maji ya mtungi.

— Wewe, shika hili, nimshike nywele.

— Suti yangu, mama. Nitalowa.

Premlata alimtazama, akaliweka beseni juu ya kiti mwenyewe. Nyaruai alivuta pumzi, akazamisha uso. Mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili moyo ulisimama kidogo, kisha ukarudi kwenye mwendo wake.

Akajipangusa kwa leso.

— Rudi Bungoma, alisema. Mwambie mama yako kwa mdomo wako uliweka wapi dawa yangu. Halafu umwambie hakuna harusi.

— Kwa sababu ya soksi?

— Ukishindwa kumwambia, Rahab ataweza.

Hiram alicheka, kicheko kisichofika machoni.

— Nani atakuoa na hilo beseni lako?

— Atakayelishika.

Hiram alipangusa tone moja la maji kwenye kiatu chake, akaondoka akiinamia kile kiatu.

Premlata alimwaga maji kwenye ua.

— Mkono mmoja bado, alisema, akiangalia sweta.

— Ni wa kesho, mama. Leo naenda hospitali kuchukua dawa.

Nyaruai akafunika mashine kwa kitambaa, uzi ukiwa bado kwenye sindano.