Sumu Isiyo na Jina

Simu iliyofichwa nyuma ya meza ya karani wa mizigo, stesheni ya Nakuru, ililia saa tatu na dakika nne asubuhi. Muhidin Miraji aliinyakua kabla haijalia mara ya pili.

"Sokoni," alisema.

"Maua yanaondoka leo," sauti ya Nairobi ilijibu. "Saa tisa. Ndege ndogo. Kiwanja cha nyasi, Ndabibi, kando ya ziwa Naivasha."

"Na mwenye maua?"

"Kamata maua tu. Mwenyewe mwache aende zake."

"Bwana Merrick, yule mtu..."

"Ana marafiki, Miraji. Wanakula meza moja na wakubwa wangu. Umesikia?"

Simu ikakatwa.

Muhidin alirudisha mkono wa simu polepole, kwa adabu nyingi. Ndivyo alivyofanya kila alipokasirika.

Alikuwa amepigana Burma miaka miwili. Alirudi Bondeni, mtaa wao hapo hapo Nakuru, na medali moja na kovu begani. Kisha akapewa kazi ambayo hata dada yake Samsam hakuijua: ujasusi katika idara ndogo ya kupambana na magendo, idara isiyo na kibao mlangoni. Alikamata pembe. Alikamata dhahabu. Alikamata bunduki. Kila mara mzigo ulibaki, na kila mara mwenye mzigo, akiwa mzungu, aliondoka akipiga mluzi.

Ilikuwa mwaka wa 1957, na alikuwa amechoka kusikia mluzi huo.

Aliipiga teke pikipiki yake, BSA nyeusi, akashika njia ya Bahati. Kiunoni alikuwa na bastola ya Webley. Kwenye mkoba wa nyuma, buibui la Samsam.

Kulikuwa na shida moja. Daktari Voss, yule mwenye maua, alikuwa na leseni halali ya kusafirisha mimea ya mapambo. Kati ya makopo mia ya miche, ni machache tu yangekuwa na ule mmea wa hatari, na Muhidin hakuujua kwa sura. Aliyeujua ni aliyeugundua, Mwalimu Thuo, msomi wa mimea kutoka Makerere. Thuo alikuwa kizuizini.

Alibaki mkewe.

Wamaitha alikuwa akichuma pareto kwenye shamba la mzungu. Muhidin alipojitambulisha, hakusimama. Vidole vyake viliendelea kung'oa maua meupe na kuyatupa kapuni.

"Serikali ndiyo ilimchukua mume wangu," alisema. "Na wewe ni serikali. Sasa unataka nini tena? Mimi?"

"Nataka unionyeshe mmea, mama."

"Mmea!" Alicheka bila furaha. "Voss pia alitaka kuonyeshwa. Alikuja kwetu na chupa ya asali. Akanywa chai yangu. Thuo akamwonyesha kila kitu, maskini, kwa sababu miaka kumi hakuna mtu aliyemuuliza juu ya kazi yake. Siku tatu baadaye wakaja askari na gari lililofungwa. Eti amekula kiapo cha waasi msituni. Thuo! Mtu anayekwenda msituni na darubini na karatasi za kukaushia majani!"

"Ukoje huo mmea, na unafanya nini?"

Hapo ndipo alipoacha kuchuma.

"Ni ndugu wa mnyaa, ule wa kwenye ua, wenye utomvu mweupe, lakini shina lake ni jekundu. Mbuzi wetu alilamba utomvu wake. Hakupiga hatua kumi. Mganga wa mifugo alimpasua, hakuona kitu. Akatafuta vitabuni, hakuona kitu. Ungeonaje kitu ambacho hakijaandikwa?"

Sasa Muhidin alielewa kwa nini kulikuwa na watu ng'ambo waliokuwa tayari kutuma ndege. Sumu isiyo na jina. Waziri angekunywa kahawa yake, angeanguka, na hakuna daktari duniani ambaye angejua kilichomuua.

"Na Thuo alikuwa akiuandika."

"Alikuwa amemaliza! Maelezo kwa Kilatini, na kielelezo, ule mmea wenyewe uliokaushwa, ambao jina linasimama juu yake. Picha nilichora mimi. Voss alibeba vyote."

"Basi twende tukavichukue."

"Mimi ni Mkikuyu, bwana. Bila pasi siwezi kufika hata Nakuru."

Muhidin alitoa buibui mkobani.

* * *

Kizuizi kilikuwa kabla ya Gilgil. Magogo mawili, askari wanne, bunduki ya Bren juu ya magunia ya mchanga.

"Simama! Wapi?"

"Naivasha, afande. Mazishi."

"Na huyu?"

"Mke wangu. Amefiwa na mama yake."

Askari alilisogelea buibui. "Mama, toa sauti tukupe pole. Unaitwa nani?"

Neno moja tu lenye lafudhi ya Kikuyu lingetosha kuwafichua. Muhidin aliushusha mkono kuelekea kiunoni.

Wamaitha alilia.

Alilia kwa sauti iliyotoka tumboni, akajipiga kifua, akainama hadi pikipiki ikayumba. Askari alirudi nyuma. "Pita, pita! Mungu awatie nguvu."

Maili mbili mbele bado alikuwa analia. Muhidin hakumwambia anyamaze. Alijua kilio hicho hakikuwa cha kuigiza.

Walipopanda miteremko ya Eburru, njia ya mkato ya kwenda Ndabibi, alinyamaza mwenyewe.

Mlima ulikuwa mweusi.

Upande mzima wa miamba, mahali pekee duniani ambapo mmea ule ulionekana, ulikuwa majivu. Madebe ya petroli yalikuwa yametupwa hapo hapo. Voss hakutaka mwingine aupate, wala hakujisumbua hata kuyaficha madebe.

"Thuo aliyahesabu," Wamaitha alisema. "Mashina mia mbili na kumi na saba. Alikuwa akiyahesabu kila mwezi kama mchungaji."

Muhidin aliitazama saa yake.

Saa nane na dakika thelathini na tano.

* * *

Ndege ilikuwa Cessna ya rangi ya fedha. Injini ilikuwa tayari inanguruma na mlango mmoja uko wazi. Voss, mrefu, suti ya khaki iliyopigwa pasi, alikuwa akipakia makopo ya mwisho.

BSA ilikata uzio wa kiwanja kwa kasi ya maili hamsini.

Webley ilibweka mara mbili.

Gurudumu la kushoto likapasuka. Cessna ikaegemea upande mmoja, bawa likakwaruza nyasi, rafadha ikachimba ardhi na kuzima. Rubani aliruka na kukimbia kuelekea ziwani bila kuangalia nyuma.

Voss hakukimbia. Alitoa bahasha kubwa mkobani na kiberiti cha Ronson mfukoni. Moto ukawaka.

"Tupa bastola," alisema kwa Kiswahili safi. "Hapa kuna kielelezo cha mwalimu na maandishi yake. Mimi sivihitaji sana. Wewe unavihitaji. Nitapanda gari langu niondoke. Ukinizuia, vinaungua."

Ukingo wa bahasha ulianza kuwa kahawia.

Muhidin alisimama. Webley ilikuwa imenyooka, lakini bahasha ilikuwa mbele ya kifua cha Voss.

Nyuma yake buibui lilivuliwa na kutupwa chini.

"Choma," Wamaitha alisema.

Voss alishtuka. "Mama Thuo?"

"Choma! Unajiita daktari wa mimea na hujui? Mtu hakaushi tawi moja. Hukausha matano, sita, kutoka shina moja, yote yenye namba moja. Hiyo uliyoshika tulikuachia uibe. Nyingine iko kwa bingwa wa mimea Nairobi tangu Pasaka. Choma, tuote moto!"

Alikuwa akitembea kumwelekea, hatua kwa hatua, mikono mitupu.

Voss aliitazama bahasha. Alikuwa mfanyabiashara, wala si mtu wa mimea, na mfanyabiashara haharibu bidhaa kabla ya kujua bei yake. Mkono wake ulishuka kidogo.

Inchi nne.

Zilitosha. Risasi ilimpiga begani. Ronson iliruka nyasini. Wamaitha aliidaka bahasha kabla haijagusa chini, akauzima moto kwa viganja vyake.

Muhidin alimfunga Voss pingu na kumfunga bega kwa shati lake mwenyewe.

"Hilo la Nairobi," Muhidin alisema. "Ungeniambia mapema."

Wamaitha alipuliza viganja vyake vilivyoungua. "Hakuna la Nairobi. Ni hili tu."

Alifungua bahasha. Shina lilikuwa zima, limeshonwa kwenye karatasi kwa uzi. Alisoma Kilatini polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka kwenye jina ambalo mumewe alikuwa amekataa kumwonyesha. La kwanza lilikuwa la ukoo wa mmea. La pili lilikuwa *wamaithae*.

Alikaa chini kwenye nyasi, akageuzia uso wake upande wa ziwa.

Muhidin alipekua mkoba wa Voss. Kati ya stakabadhi kulikuwa na nakala ya kaboni ya barua kwa mkuu wa wilaya. Ilimtaja Thuo kuwa mla kiapo. Sahihi ilikuwa ya Voss.

Redio ya mawasiliano ya gari la Voss ilifanya kazi vizuri.

"Maua ninayo," Muhidin alimwambia Merrick. "Makopo kumi na moja ya shina jekundu, yote hai."

"Vizuri. Na mtu?"

"Ninaye."

"Nilikwambia umwache!"

"Sauti inakatika, bwana."

Alizima redio. Hakumpeleka Voss Nairobi, ambako kulikuwa na marafiki. Alimpeleka kwa hakimu wa Nakuru, kesho yake, siku ya kusikiliza kesi, korti imejaa hadi kibarazani, waandishi wawili wa magazeti wakiwa kiti cha mbele. Barua ilisomwa kwa sauti, na Voss hakuondoka akipiga mluzi.

* * *

Thuo alitoka baada ya wiki saba, amekonda, sikio moja halisikii. Hakuombwa radhi na mtu. Wiki hiyo hiyo alipanda Eburru na mkewe, wakapanda yale mashina kumi na moja kwenye majivu. Mwaka uliofuata maelezo yake yalichapishwa, pamoja na picha ya Wamaitha na aya ndefu kuhusu sumu na dalili zake. Tangu siku hiyo, daktari yeyote mwenye kitabu angeitambua.

Merrick alikuja Nakuru mwenyewe, uso mwekundu.

"Umeaibisha watu wakubwa," alisema. "Umevunja amri. Kazi huna. Na yote hayo kwa ajili ya nini, Miraji? Kwa ajili ya gugu!"

Muhidin aliiweka Webley mezani. Akaweka kitambulisho juu yake. Akawasha sigara bila haraka.

"Lina jina, bwana," alisema. "Jifunze kulitamka."

Akatoka, akaipiga teke BSA, akaelekea Bondeni kula chakula cha mchana.